Sura ya Sita: Kibodi Inapogoma

Seva nyingi za mji wa Machakos hupitisha miaka bila kuguswa na kidole. Iko ile ya sekondari ya bweni inayotunza alama za mitihani, ile ya chama cha akiba na mikopo, ile ya kliniki yenye faili za wagonjwa. Husimama kwenye kona ya stoo au chini ya meza ya mhasibu, kibodi imelazwa juu yake na kufunikwa gazeti ili vumbi jekundu lisiingie. Wanaoitumia huifikia kwa mtandao, kila mtu kwenye mashine yake. Hakuna anayejua kama ile kibodi bado inafanya kazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kujua. Haja hiyo huja siku moja tu, na mara nyingi huja na habari za stima.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani mpaka Jumamosi. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukunusurika. Novemba na Desemba ya mwaka huohuo mambo yalijirudia. UPS ndogo ya ofisini, ile betri ya akiba, huhesabu dakika, haihesabu saa. Betri ikiisha kabla hajatokea mtu wa kuizima seva kwa utaratibu, seva hukatika katikati ya kazi. Stima ikirudi, mashine hujiwasha yenyewe, huhangaika kidogo, halafu husimama kwenye skrini nyeusi na kuuliza jambo: bonyeza F1 uendelee, au andika nenosiri la msimamizi ili diski ikaguliwe. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa mbali kwa njia ya kawaida, maana upande wa mtandao wa seva haujaamka. Lijibiwe palepale, kwa kibodi. Unabonyeza F1. Kimya. Unabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama kwamba tatizo ni adabu ya kidole.

Kompyuta za zamani zilikuwa na ujumbe wao mashuhuri: kibodi haionekani, bonyeza F1 kuendelea. Mafundi wameucheka kwa miaka mingi. Wanaoutetea husema maana yake ni kwamba uchomeke kibodi kwanza ndipo ubonyeze. Huenda. Nadhani tu aliyeuandika hakuwahi kusimama mbele ya seva Jumamosi asubuhi huku mwalimu mkuu akimpumulia kisogoni.

Hapo ndipo watu wengi hunyoosha mkono kwenye swichi. Sura hii imeandikwa ili kuuzuia mkono huo kwa dakika kumi. Kibodi mpya ni kitu cha bei nafuu, na maduka ya kompyuta mjini hayakosi. Hesabu za chama zilizokuwa nusu zimeandikwa diskini wakati swichi ilipozimwa haziuzwi dukani.

Kati ya kidole chako na herufi inayotokea kwenye skrini kuna safari ndefu kuliko inavyoonekana: kitufe, ubao mwembamba ulio ndani ya kibodi, waya, tundu, chipu inayosimamia tundu hilo, kiendeshi, kiini cha mfumo endeshi kinachoitwa kerneli, kisha programu inayosubiri maneno yako, na mwisho skrini. Makanga akigonga bodi ya matatu na gari lisiondoke, abiria hawaukimbilii mkono wake kuukagua. Huenda dereva hajasikia, au amesikia na mbele kuna ng'ombe barabarani. Kibodi ndiyo hulaumiwa kwa sababu ndiyo tunayoigusa. Kazi ya fundi ni kujua ukimya umeanzia kituo gani, na kipo kipimo kimoja kinachogawa safari hiyo mara mbili bila bisibisi wala programu yoyote.

Kipimo chenyewe ni taa ya Caps Lock. Watu wengi hudhani kitufe hicho huwasha taa yake chenyewe, kama swichi ya ukutani. Sivyo. Kwenye kompyuta zetu za kawaida, kibodi hupeleka habari tu kwamba kitufe fulani kimebonyezwa. Mfumo endeshi huipokea, huamua kwamba sasa ni herufi kubwa, halafu huirudishia kibodi amri ya kuwasha taa. Kwa hiyo taa ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, umethibitisha kwa mpigo mmoja kwamba waya ni mzima, tundu ni zima, kiendeshi kipo na kerneli iko macho. Ukimya unatoka juu zaidi, kwenye programu au kwenye skrini. Taa isipobadilika, ukimya uko kwenye kerneli au chini yake.

Taa ikibadilika lakini kwa kuchelewa, sekunde tano, kumi, seva haijafa, imelemewa. Kumbukumbu imejaa na mashine inahamisha vitu diskini na kuvirudisha, au diski inakaguliwa baada ya kukatika kwa stima. Dawa yake ni subira, na subira ni ngumu kuuza kwa mteja. Kama taa zinamweka zenyewe bila kuguswa, na kibodi ni ya tundu la mviringo la PS/2, basi kerneli ya Linux imeanguka na hiyo ndiyo namna yake ya kupiga kelele. Kibodi za USB hazipati ishara hiyo, kwa hiyo kutomweka kwake hakuthibitishi kitu.

Kinachoifanya taa hii iwe na thamani zaidi Machakos kuliko Nairobi ni umbali. Shule au kliniki nyingi hazina fundi wa seva. Fundi yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 60, na foleni ya Barabara ya Mombasa haitabiriki. Aliye karibu na mashine ni karani. Mazungumzo ya simu yanayotokea huwa hivi:

"Madam, naomba ubonyeze Caps Lock. Iko kushoto, juu ya Shift. Kuna taa imewaka?"

"Imewaka."

"Bonyeza tena."

"Imezima. Lakini boss, hii kitu haiandiki. Nimeweka nenosiri mara tatu."

"Ukiandika unaona nini?"

"Sioni kitu. Hata zile nyota hakuna."

"Basi kibodi ni nzima. Andika tu polepole, usijali nyota, halafu ubonyeze Enter."

Simu ya aina hiyo humaliza safari ambayo ingegharimu siku nzima. Linux, kwenye konsoli yake ya maandishi, haionyeshi nyota wala nukta mtu anapoandika nenosiri. Haionyeshi chochote, ili anayechungulia begani asijue hata idadi ya herufi. Mtu aliyezoea simu na benki huona ukimya huo na kuamini kibodi imekufa. Huu ndio ugonjwa wa kwanza wa kibodi zisizoumwa, na ndugu zake ni wengi.

Mmoja wao umetoka kwenye mashine za teletaipu, zilizokuwa zikipiga maandishi kwenye karatasi. Ctrl pamoja na S iliiambia mashine ya upande wa pili isimame kwanza, karatasi inazidiwa. Ctrl na Q ikairuhusu iendelee. Konsoli za leo bado zimebeba desturi hiyo. Sasa mfikirie mhasibu aliyefundishwa kuhifadhi kazi yake kwa Ctrl na S kila dakika mbili. Akikaa mbele ya konsoli, kidole hufanya kilichozoea, na skrini inaganda papo hapo. Anabonyeza kila kitu anachokijua. Hatari ni kwamba skrini ndiyo iliyosimama. Masikio ya mashine yamebaki wazi. Yote anayoyaandika yanapangwa foleni, na siku fundi atakapobonyeza Ctrl na Q yatatoka kwa mkupuo na kutekelezwa kama amri. Ndiyo maana konsoli ikiganda mimi huomba jambo moja kabla ya yote: mtu yeyote asiendelee kuandika. Scroll Lock, kitufe ambacho hakuna anayekumbuka kazi yake, huweza pia kuigandisha konsoli ya Linux vivyo hivyo, na hufunguliwa kwa kubonyezwa tena.

Mwingine unatoka Uingereza, na humu nchini unatuhusu sana. Mashine nyingi tunazonunua zimetumika ng'ambo. Zinauzwa kwa jina la ex-UK, na kibodi zake zina alama ya pauni juu ya namba 3. Seva iliyopangwa kwa mpangilio wa Marekani haijui kwamba mbele yake kuna kibodi ya Kiingereza. Ukibonyeza Shift na 2 ukitazamia alama za kunukuu, inapokea @. Ukienda kwenye kitufe kilichochorwa @, inapokea alama za kunukuu. Nenosiri lenye @ ndani yake halitakubalika hata likiandikwa kwa uangalifu gani, na kwa vile halionekani likiandikwa, kosa halina pa kugundulika. Dawa ni kuandika nenosiri lilelile mahali pa jina la mtumiaji, ambapo herufi huonekana, kutazama kilichotokea, na kulifuta kabla ya Enter. Chumba kiwe hakina mtu mwingine.

Kwenye seva za Windows kuna huduma iliyowekwa kwa nia njema kwa watu ambao mikono yao hutetemeka: ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, mfumo huuliza kama upuuze mibonyezo mifupi. Mwenye haraka hubonyeza Enter bila kusoma, na kuanzia hapo kibodi haimsikii mpaka ashikilie kila herufi kwa muda. Shift hiyo hushikiliwa na nini? Mara nyingi na daftari la mahudhurio lililowekwa juu ya kibodi, kwa sababu chini ya meza ya mhasibu kila kitu tambarare hugeuka rafu.

Hayo yote ni ya taa inayojibu. Taa isipojibu, rudi kwenye waya, na uanze na lile linaloaibisha kulitaja: hakikisha skrini unayoitazama na kibodi unayoibonyeza ni za mashine moja. Palipo na seva mbili na kebo zilizosokotana nyuma ya kabati, hilo si swali la kitoto.

Kisha tazama aina ya tundu. PS/2 ilikuja na kompyuta za IBM za mwaka 1987. Tundu la kibodi ni la zambarau na la kipanya ni la kijani. Halikubuniwa kuchomolewa na kuchomekwa mashine ikiwa imewaka. Kibodi ikiwa haikuwepo wakati seva inaamka, huenda isitambuliwe hata ukiichomeka baadaye, na katika bodi za zamani kuchomeka hivyo kumewahi kuunguza fyuzi ndogo ya tundu. USB, iliyotoka mwaka 1996, iliondoa hofu hiyo. Ichomoe, subiri kidogo, ichomeke kwenye tundu lingine, hasa la nyuma lililo kwenye bodi kuu yenyewe, kwa maana matundu ya mbele hutegemea waya wa ndani ambao panya wa stoo wanaujua kuliko sisi. Tundu la USB hujikata pia likivutwa umeme kupita kiasi. Kama kuna simu ya mtu inachajiwa kwenye seva, na huwa ipo, iondolewe kwanza.

Palipo na kisanduku cha KVM, kile kinachoziwezesha seva kadhaa kutumia skrini na kibodi moja, taa ya Caps Lock hupoteza uaminifu wake. Visanduku vingi hujifanya kibodi mbele ya seva ili isihisi imeachwa wakati umehamia nyingine, na baadhi huwasha taa vyenyewe. Pia vingi hutumia Scroll Lock mara mbili kama amri ya kuhama mashine: mtu anaibonyeza akijaribu bahati, na bila kujua anaanza kuongea na seva nyingine. Kabla ya kuamini chochote, kiruke kisanduku, uchomeke kibodi moja kwa moja.

Sehemu inayowachanganya hata mafundi wazoefu ni kibodi inayofanya kazi kisha inaacha, kila mara mahali palepale. Hapa inafaa kujua kwamba seva inapoamka kibodi hubadilisha mabwana. Kwanza humilikiwa na programu iliyochomwa kwenye bodi kuu, BIOS au mrithi wake UEFI. Baadaye huchukuliwa na kerneli kupitia viendeshi vyake. Kama kibodi ya USB inafanya kazi kwenye mipangilio ya BIOS lakini haifanyi kazi kwenye orodha ya kuchagua mfumo, nenda utafute mpangilio wa kuruhusu kibodi za USB kwa mtindo wa zamani. Betri ndogo ya bodi ikiisha nguvu, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, na stima inayokatika kila wiki huufichua uchovu wa betri hiyo. Kama kibodi inafika kwenye orodha hiyo vizuri na kufa mara kerneli inapochukua usukani, basi kiendeshi hakipo. Linux huamka na furushi dogo la viendeshi kabla ya kuifikia diski. Furushi hilo likitengenezwa upya baada ya sasisho na kiendeshi cha kibodi za USB kikaachwa nje, na diski imefungwa kwa nenosiri, utaombwa nenosiri na mashine isiyoweza kukusikia. Ponea kwa kuchagua kerneli ya zamani kwenye orodha; ndiyo sababu haifai kuifuta kerneli ya zamani siku ileile mpya inapowekwa. Wenye Windows 7 walionja jambo hilohilo: mfumo huo wa 2009 ulitoka bila viendeshi vya USB 3.0, na kwenye bodi zilizofuata wengi walifika kwenye ukurasa wa kwanza wa kuisakinisha wakakuta kibodi na kipanya vimekufa pamoja. Tundu jeusi la USB 2.0 lilikuwa mwokozi, lilipokuwepo.

Yote hayo yakishindikana, acha kibodi. Konsoli ni mlango mmoja, na seva iliyowekwa na mtu mwenye akili ina milango mingine. Ulio rahisi ni mtandao. Chukua kompyuta yoyote ya ofisini, au simu yako ikiwa kwenye mtandao uleule, ujaribu kuingia kwa SSH, njia ya kuongoza mashine kwa mbali iliyoandikwa na Tatu Ylönen wa Helsinki mwaka 1995 baada ya manenosiri kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Ukiingia, seva ni nzima na watu wanaendelea na kazi. Tatizo la kibodi litatatuliwa jioni bila presha. Nimeona seva ikizimwa kwa nguvu huku wafanyakazi ishirini wakiwa ndani yake wakiandika, kwa sababu tu konsoli ilikuwa kimya.

Mlango wa pili, kwenye seva halisi na si kompyuta ya mezani iliyopewa cheo, ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kompyuta. Ina chipu yake, tundu lake la mtandao na hupata umeme hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa stima umechomekwa. Lugha yake ya pamoja, IPMI, ilitangazwa mwaka 1998 na Intel pamoja na Dell, HP na NEC. Kupitia kompyuta hiyo ndogo, fundi aliye Nairobi huiona skrini ya Machakos na kuiandikia kama aliyekaa mbele yake, hata kwenye BIOS. Kule Konza, mahali ambapo kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado zinakutana na ambapo Rais Mwai Kibaki alizindua mji wa teknolojia Januari 2013, kuna kituo cha taifa cha data. Katika vituo vya ukubwa huo, seva husimamiwa kwa njia hii, na kibodi halisi husukumwa kwa kitoroli siku ya dharura. Mjini Machakos tundu hilo la pili huwa tupu, lina utando wa buibui. Waya mmoja wa mtandao ungetosha, na nenosiri la kiwandani libadilishwe kabla ya kuchomeka, wala lisiachwe wazi kwa intaneti.

Ikibidi kuzima, kuna ngazi za kushuka. Kwenye Linux, jaribu Ctrl, Alt na F3 upate konsoli nyingine. Mara nyingi ni ule upande wa picha pekee uliokwama. Kisha kuna kitufe cha SysRq, kinachoongea na kerneli moja kwa moja: shikilia Alt na SysRq, ubonyeze S, kisha U, kisha B, ukipumzika sekunde chache kila baada ya herufi. S huandika diskini kilichobaki kumbukumbuni, U huzigeuza diski ziwe za kusomwa tu, B huwasha upya. Ubuntu huziacha herufi hizo tatu zimeruhusiwa. Kama kibodi haifiki kwenye kerneli kabisa, gusa kitufe cha umeme mara moja, uache. Mguso mfupi ni ombi: mfumo ukiwa hai hufunga programu kwa utaratibu na kujizima, hata kama kibodi ni mfu. Mpe dakika kadhaa. Kukishikilia sekunde nne na zaidi ni kukata umeme, na huko ni kwa mwisho kabisa.

Seva ikirudi, usiondoke. Ingia, usome rekodi za kuamka kulikopita. Kwenye mifumo mingi ya Linux amri ni journalctl -b -1, kama seva imepangwa kuzihifadhi diskini. Tazama mistari ya mwisho. Ikikatika ghafla bila neno lolote la kujizima, ilikuwa stima, na pesa ziende kwenye betri za UPS. Ikitaja kwamba kifaa cha USB kimejitoa na kurudi, kimejitoa na kurudi, nunua kibodi, au ubadilishe tundu. Ikisema kerneli iliua programu kwa kukosa kumbukumbu, kibodi haikuwa na hatia. Na ikijaa makosa ya kusoma diski, moja baada ya jingine kwa saa nzima kabla ya kimya, nakili data leo hiihii, kabla watu hawajaanza kuingia tena, kisha upige simu ya diski mpya.